Bukari Aliyoikataa Baba

Jumamosi ile kanisani tulikuwa hawa: baba yangu, Tata Ngoy, mzee wa kanisa na kapita, msimamizi wa kazi, katika karakana ya kampuni, mama yangu, ambaye kampi nzima ya wafanyakazi ilimwita Mama Monga kwa jina langu mimi, mzaliwa wake wa kwanza, jirani yetu Tata Mbuyi, fundi wa kuunga vyuma, aliyefanya kazi chini ya baba, mke wake, Mama Kapinga, binti yao Ngalula, rika langu, wadogo zangu wawili, Ilunga, na Numbi ambaye bado alibebwa mgongoni, na mchungaji, mzee mwenye kikohozi, aliyekaa mbele amefumba macho, hatukujua kamwe kama anasali au amelala. Wengine waliojaza mabenchi siku hiyo nimewasahau, au wamekufa. Hao niliowataja, hata leo naweza kukuonyesha kila mmoja alikaa wapi.

Wale tuliokulia Kolwezi pamoja mtanielewa nikisema kwamba maisha yetu yaliamshwa na king'ora cha kampuni. Kikilia, akina baba walitoka wote pamoja na baiskeli zao, na akina mama walianza kufagia mbele ya nyumba zile za tofali zilizofanana mpaka mlevi aliweza kuingia kwa jirani, akavua viatu, akaomba chakula. Mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya mposho. Tulibeba kichwani unga, samaki wakavu, mafuta na maharagwe, na njiani vidole vyetu vilitafuta tundu kwenye mfuko wa chumvi. Mvua zikianza tulikwenda porini kutafuta matunda ya masuku, tukarudi na midomo inayonata. Tuliteleza kwenye vichuguu vikubwa tukiwa tumekalia vipande vya katoni, na nguo ikichanika nyuma tuliingia nyumbani kinyumenyume. Mawe ya kijani tuliyaokota barabarani tukayafanya kuwa sukari katika duka letu la mchezo. Watoto wa leo wakiona jiwe lile wanakuambia bei yake asubuhi na bei yake jioni, lakini waulize saba mara nane, watatafuta simu.

Kwa Mbuyi na kwetu palitenganishwa na ua wa maua mekundu ambao sisi watoto tuliutoboa tundu la kupitia. Babu yake Ngalula aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi katika migodi, lakini Tata Mbuyi mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kasai alikuwa hajaiona hata kwa picha. Tofauti niliyoijua mimi ilikuwa moja tu: Mama Kapinga alichanganya unga wa mahindi na wa muhogo, sisi tulipika mahindi matupu. Mimi na Ngalula tuligombana juu ya jambo hilo kila siku. Yeye alisema bukari yetu, yaani ugali, inavunjika kama udongo, mimi nilisema ya kwao inafaa kubandikia karatasi ukutani. Kisha tulikula zote mbili.

Kanisani kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Jumamosi iliyotangulia Meza ya Bwana watu walikuja kunyoosha. Mwenye neno juu ya ndugu yake alisimama akalisema mbele ya macho yake. Aliyerudiwa, yaani aliyeonywa hivyo, hakuruhusiwa kujitetea. Alikuwa na jibu moja tu, aksanti. Na jioni ileile, yule aliyemrudi mwenzake ndiye aliyepika. Naam, si mkosaji, ni yule aliyesema. Mchungaji alitufundisha kwamba anayemkosoa mtu bila kuwa tayari kumlisha anatafuta kumshinda tu. Basi aliyerudiwa alikwenda na watu wake, akanawa katika beseni moja na mwenyeji, wakala kutoka sahani moja, na kesho yake wote wawili waliikaribia Meza. Asiyekula bukari ya jana hakugusa mkate wa leo.

Sisi watoto tulizipenda sana dhambi za wakubwa. Kila dhambi ilikuwa na kuku wake. Ilunga aliwahi kumwomba mama, tena mbele ya wageni, amkosee kidogo yule mama wa nyumba ya pembeni aliyefuga bata wanono. Baba naye alirudiwa mara nyingi kabla ya siku ile, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali kazini, na kila mara nilimwona akisimama, anameza mate, anasema aksanti, halafu anakwenda kula. Nilidhani ni jambo rahisi, kama kupiga chafya. Leo kijana akiambiwa neno na mchungaji wake Jumapili hii, Jumapili ijayo ana kanisa lake mwenyewe huko mtaa wa Manika, na vipaza sauti, na bango lenye picha yake amevaa suti nyeupe. Usimkosoe tena, utamzidishia makanisa.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Sehemu ya mgodi ilibomoka chini ya ardhi, mishahara ikachelewa, mposho ukapungua mpaka ukawa wa kubebwa na mtoto mmoja. Kulikuwa na asubuhi ambazo king'ora hakikulia, na ukimya wake ulituamsha mapema kuliko kelele yake. Redioni wakubwa walisema kwamba wenyeji wana njaa kwa sababu wageni wamekalia kazi zao. Watu wa Kasai wakaanza kuitwa bilulu, wadudu. Nililisikia neno hilo kwanza sokoni, halafu shuleni, halafu kwenye kisima, halafu kwenye mazoezi ya kwaya.

Baba hakulisema kamwe. Ninataka jambo hilo lijulikane. Lakini Jumapili moja alipoongoza maombi aliomba hivi: Bwana, wageni walio katikati yetu uwarudishe kwao kwa amani, kila mtu akajenge kwao. Yalikuwa maombi ya adabu, yenye sauti nzuri, na kanisa zima likaitikia amina. Tata Mbuyi, katika benchi lake la tatu, naye aliitikia. Sauti yake ilikuwa nzito, na siku zote amina yake ndiyo iliyofika ukutani ikarudi.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya kunyoosha alisimama.

"Tata Ngoy," alisema, "weye ni kapita yangu, ni muzee yangu. Siku ya Mungu uliomba Mungu atufukuze. Haukusema kufukuza, ulisema kurudisha, lakini njo ileile. Na mi nilisema amina. Nilisema na nguvu. Kufika ku nyumba, bibi yangu akaniuliza: sasa weye uliitika nini?"

Watu wakacheka. Hata Mama Kapinga alificha mdomo kwa kitambaa. Mbuyi akangoja kicheko kiishe.

"Mi nilizaliwa hapa, tata. Mungu atanirudisha wapi?"

Kanisa likamgeukia baba. Alisimama, kama kawaida yake. Akameza mate, kama kawaida yake. Nilianza kufikiria jogoo mwekundu wa Mama Kapinga.

"Bantu habarudiaka muntu juu ya maombi," alisema baba. "Maombi ni ya Mungu." Angeishia hapo labda tungepona. Lakini aliongeza, kwa sauti ya chini, akitazama kofia yake: "Na mugeni harudiake mwenye nyumba."

Mchungaji alifumbua macho.

Jioni Mama Kapinga alipika hata hivyo. Harufu ya kuku ilipita katika tundu la ua, ikaja kutukalia puani. Baba alikuwa mlangoni, anapiga rangi viatu ambavyo angevaa kesho kushika kikombe cha Meza. Mama Kapinga aliponiita aliniagiza nimwambie baba bukari iko tayari. Nilimwambia. Hakuinua kichwa.

"Baambie bakule. Mi nilishiba."

Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akibishana naye mbele yetu, alisimama nyuma yake na Numbi mgongoni. "Haukushiba chakula, Tata Monga," alisema. "Ulishiba cheo."

Baba aliendelea kusugua kiatu kilekile. Nilirudi kwa jirani na jibu lake, nikalisema jinsi lilivyo, kwa kuwa sikuwa na akili ya kulipunguza. Mama Kapinga alifunika sahani. Alimpa Ilunga, aliyenifuata, paja la kuku la kwenda nalo.

Kesho yake baba alishika kikombe. Tata Mbuyi alibaki kwenye benchi lake wakati wengine wote wanasimama kwenda mbele. Desturi iliwakataza wote wawili kukaribia. Mmoja peke yake ndiye aliyeitii.

Wiki hazikuwa nyingi baada ya pale, vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na filimbi na matawi ya miti. Baadhi yao waliimba nasi kwaya. Familia za Kasai zilitoka na magodoro, vyerehani, hata milango waliyoing'oa, wakaelekea gare, pale treni zinaposimama. Kina Mbuyi waliondoka asubuhi moja. Ngalula aliniambia maharagwe yao nyuma ya nyumba yanakaribia kukomaa, niyachume. Kabla hayajakomaa nyumba ilikuwa na watu wengine, na watu hao walipikia kuni za kabati la Mama Kapinga.

Treni hazikuja. Maelfu ya watu walikaa pale gare, katikati ya reli, chini ya mashuka na mahema ya plastiki, na upande wa nyuma wakaanza kuzika watoto. Baba alikuwa akipita hapo kila siku kwenda kazini. Akabadilisha njia, akawa anazunguka kwa mbali, anafika nyumbani na vumbi mpaka magotini. Mama alikwenda pale na unga mara kadhaa, bila kuficha na bila kuomba ruhusa. Tata Mbuyi aliupokea kwa ajili ya watoto, akamwambia mama kwa upole kwamba huo ni msaada, si kunyoosha. Katika jambo lao yeye ndiye mwenye kumlisha Ngoy.

Kilichomvunja baba sikijui chote. Ninajua nilichokiona. Jumapili moja mchungaji alimwita tena aongoze maombi. Baba alisimama, akafungua mdomo, na hakuna neno lililotoka. Alikaa hivyo mpaka mama mmoja akadhani ni Roho, akapiga kelele ya kusifu. Baba akaketi. Mchana aliniambia nivae viatu.

Alivaa koti lake la uzee wa kanisa na kofia. Mlangoni mwa gare walisimama vijana wenye filimbi, na mmojawapo alikuwa yule aliyeimba sauti ya tatu karibu na mimi. Alimtambua baba.

"Tata Ngoy, na weye unapanda treni ya bilulu?"

Wenzake walicheka. Baba aliendelea kwa mwendo uleule. Mkono wake ulionishika ulikuwa umelowa jasho.

Tulimkuta Tata Mbuyi amekalia godoro lililokunjwa, anafunga kwa waya mkono wa sanduku la mtu. Alikuwa amepungua, shati lilimkaa kama limetundikwa kwenye kamba. Baba alivua kofia. Hakushusha sauti, na wale vijana walikuwa wametufuata.

"Mbuyi, nilikatala kurudiwa. Maombi yangu ilikuwa mubaya, na ile neno nilisema kisha ilikuwa mubaya zaidi. Aksanti kwa kunirudi. Nimekuya kukula."

Tata Mbuyi alimtazama mke wake. Mama Kapinga alitazama mahali ambapo sufuria ingekuwa. Walikuwa wameiuza, akatuambia, kwa dawa ya mtoto wa dada yake, na dawa haikusaidia. Unga uliisha juzi. Baba akageuka mara moja, akasema anakimbia nyumbani kuleta unga na sufuria, sasa hivi.

"Hapana, tata," alisema Mbuyi. "Bukari ya kunyoosha haitokake ku nyumba ya mwenye kurudiwa. Weye nilikuchinjia jogoo, ukakatala. Leo nitakupa nini, waya?"

Alicheka, na baba akacheka pia, kisha wote wawili wakaacha kwa pamoja. Ngalula na mimi tulikuwa tunatazamana bila kujua tushike wapi mikono yetu.

"Aksanti yako naipokea," Mbuyi akasema. "Lakini haujakula. Kule tunaenda, mi sikujue. Nitatafuta nyumba, nitapika. Utakuya."

"Nitakuya."

"Na bibi na batoto."

"Na bibi na batoto," baba alisema.

Treni yao ilipita siku chache baadaye, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa, watu wamekaa juu ya vitu vyao. Tuliisikia kutoka nyumbani. Baba alikuwa amekaa mlangoni, akaondoka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani bila kuitwa. Alisema maombi yake yalikuwa dhambi, na kwamba kila aliyeitikia amina airudishe. Watu walitazama sakafu. Wanaume wawili walitoka nje. Aliweka kikombe mezani, akasema hatakishika wala hatakunywa kutoka humo mpaka atakapokula kwa Mbuyi. Kamati ilimwita, ikamrudi kwa kuwasumbua waumini katika wakati mgumu, ikamwondolea uzee. Alisimama, akameza mate, akasema aksanti. Jioni hakuna hata mmoja wao aliyempikia.

Na desturi ya kunyoosha ikafa. Hakuna aliyeipiga marufuku. Kwanza unga haukuwepo, halafu tukaogopana, halafu watoto wetu wakakua bila kuiona. Jumamosi sasa kanisani ni mazoezi ya gitaa, na mtoto akipiga nota mbaya hakuna wa kumwambia.

Baba aliishi miaka michache hivyo, anakaa benchi la nyuma, Meza inampita. Kifua kikamshinda. Siku za mwisho hakuongea habari ya mshahara ambao kampuni haikumlipa, wala ya nyumba. Aliniambia, "Weye njo mukubwa. Kwa Mbuyi sikukula." Nikamjibu nimesikia. Mama alimfuata kabla mvua mbili hazijapita, na mimi nikaacha shule nikiwa sekondari, nikaanza kukaanga mikate ya mafuta na kuwauzia wachimbaji wa Mutoshi, ili Ilunga na Numbi wasome. Walisoma. Katika nyumba yetu ya watatu tuliishika ile desturi kadiri tulivyoweza. Numbi alipokuwa msichana mdogo aliniambia siku moja kwamba ninawafokea kana kwamba wao ndio waliowaua wazazi. Nilitaka kumpiga kofi. Nilisema aksanti, meno yameumana, na yeye akaenda kuazima unga, akanipikia. Bukari ilikuwa mbichi katikati. Niliimaliza, na hata leo nikipandisha sauti ninaisikia ile ladha ya unga mbichi mdomoni.

Ilunga sasa anaendesha lori la madini huko Fungurume, ana tumbo na ana maoni. Ananiambia, mimi mkubwa wake, "Yaya, tata aliomba musamaha, ikaisha. Unatafuta nini tena?" Labda anasema kweli. Lakini hakuwa yeye aliyetumwa na jibu la baba jioni ile, wala hakushikwa mkono ule uliolowa. Kuomba msamaha kulimgharimu baba aibu ya mchana mmoja. Kula kulihitaji aende kwa mtu aliyemwita mgeni, akawe mgeni wake, akanawe katika beseni lake, apokee chakula alichokatiwa na mkono wake. Hiyo ndiyo sehemu iliyobaki, na sidhani mtu anaweza kuilipa kwa simu, ingawa vijana wangu wameniambia sasa pesa zinatumwa kwa simu, na huenda bukari nayo iko njiani.

Watu wa Kasai wengi walirudi baadaye; wako Manika, wanauza, wanafanya kazi, tunasali nao. Mmoja wao, mama anayeuza vitambaa, alinipa habari niliyoiuliza kwa kila mtu kwa miaka. Tata Mbuyi alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, akajenga chumba kimoja cha udongo, akafa mapema. Ngalula aliolewa mbali. Mama Kapinga yuko hai. Nilimtumia salamu na kitambaa kizuri. Muuzaji alirudi na kitambaa kilekile na ujumbe wake: "Salamu sikukatala. Lakini mi njo nilipika. Bakuye bakule."

Enzi zile treni ilikwenda Kasai kila wiki na hatukuwa na sababu ya kuipanda. Siku hizi ninayo sababu, na treni inakwenda inapotaka. Kila mwaka nimesema nitakwenda baada ya masika, na kila mwaka mtoto wa Numbi ameugua, au magoti yangu yamekataa, au Ilunga ameahidi kunisindikiza na hakuja. Mama Kapinga amezeeka. Mimi nimezeeka. Kwa Mbuyi bado hatujala.